Pita

Saa kumi na moja haijagonga,
Bigodi bado inakoroma.
Segundo ananingoja nje ya kibanda cha chai,
tochi ameibana menoni kama sigara,
mikono inahangaika na kamba za viatu.
Juzi nilimpa empaako: Apuuli.
Mtu wa kuamka naye usiku
siwezi kumwita kwa jina tupu.

Ni kiongozi wa wageni kama mimi,
huko kwao Ekuador, mlimani,
ambako mawingu huingia jikoni bila hodi.
Wageni wake walimchangia nauli, wakamwambia:
nenda, nawe mara moja uongozwe.
Kiingereza chake ni kidogo, changu ni cha orodha za ndege.
Kwa hiyo tunaongea kwa vidole na miluzi.

Jana tulishindana njia nzima.
Nikamwigia hondohondo akiruka,
yale mabawa ya mtu anayefyeka nyasi kwa hasira.
Akaniigia tukani:
chura aliyebanwa na mlango.
Akachora vumbini ndege mwekundu kama pilipili,
kichwa chote shada,
madume ishirini kwenye mti mmoja alfajiri
wakipiga kelele, kila mmoja akijisifu,
majike wakiwatazama bila neno.
Nikacheka: huo ni mkutano wa kampeni.

Kisha akachora mwingine,
mnono, miguu mirefu, hana mkia,
rangi ya majani yaliyooza.
Huyu alimchora polepole.
Miaka mingapi ulimtafuta?
Akanyoosha vidole vyote kumi, akavikunja,
akaongeza kimoja.

Wangu naye mkia wake si wa kutajika.
Anaitwa pita, na kazi yake ni kupita.
Ukishasema "yule", umechelewa.

Msituni giza ni zito kama uji wa ulezi.
Siafu wamekata njia, tunaruka.
Mbali, sokwe anapiga mzizi wa mti,
mapigo mawili, halafu hakuna.
Tunazima tochi.
Hapa ndipo kazi yangu ilipo: kutofanya kitu.
Watu huvuka bahari kunilipa nisimame,
na mama yangu, mwenye jembe, mwenye maharage,
hadi leo hajauelewa mshahara huu.

Mbu. Jasho linapoa mgongoni.
Mwanga unaanza kuchuja, kijivu, kidogo,
kama maziwa yaliyotiwa maji na mwuzaji mjanja.

Prrp.
Kama kidole gumba kinachofyatua kurasa za daftari.
Prrp. Kushoto sasa, karibu.
Namshika Segundo kiwiko.

Yuko juu ya tawi lililolala.
Anaruka shubiri moja hewani, anatua palepale,
kana kwamba alisahau kitu juu
akakumbuka kuwa kiko chini.
Tumbo jekundu linawaka, linazima.
Kidari kijani. Begani vitone vya buluu,
shanga za mtu aliyepita hapa akikimbia.
Prrp.

Ndipo nikafanya ninachofanya siku zote:
nikaacha ndege, nikamtazama mgeni usoni,
nione kama ameona.
Miaka tisa nimewaona ndege hivyo,
katika macho ya watu wengine.

Segundo alikuwa ananitazama mimi.
Darubini imelala kifuani, kofia mkononi,
nyusi zimepanda, zinauliza kwa adabu yote ya kazi:
umemwona?

Tulipogeuka, tawi lilikuwa linatikisika,
tupu.

Kibandani, Abwoli anatumwagia chai, chapati mbili mbili.
Segundo anafungua daftari lake lililovimba unyevu,
ananipa kalamu nimwandikie jina.
Naandika. Anauliza maana yake,
napitisha kiganja mbele ya pua yake, fyu,
mpaka dirishani.
Anacheka hadi chai inamwagika mezani.

Kesho tutarudi.
Tumekubaliana, kwa vidole:
wa kwanza kumtazama mwenzake usoni
atalipa chapati.